Mark X, Legacy B4 au Altezza: lipi linamfaa mtu wa Tabora anayependa mwendo na anayehesabu mafuta?

Mpwa wangu alinipigia simu saa tatu usiku, na huku kwetu mtu akipiga saa hizo unashtuka kidogo. Baada ya shikamoo akasema: "Mjomba, nimefikisha milioni 16. Nataka gari dogo lenye mwendo, ila mafuta yasije yakanimaliza. Nichukue lipi?"

Alikuwa na majina matatu: Toyota Mark X ya 2.5, Subaru Legacy B4 na Toyota Altezza. Nilimjibu nusunusu kwenye simu nikamwahidi kumwandikia kwa utulivu. Naandika hapa ili na wengine wasome, maana najua vijana wengi wa Tabora na Kigoma wanaotafuta gari la mtumba lenye damu kidogo wanaishia kwenye majina haya haya. Altezza nimekaa nayo miaka minne. Mark X ndiyo ninayoendesha sasa. Legacy ni ya shemeji yangu, na niliwahi kuitoa Dar mpaka Tabora nikiwa peke yangu, kwa hiyo naifahamu zaidi ya kuiona barabarani.

Mpwa anakaa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini. Siku sita kwa wiki anazunguka mjini, tuseme kilometa 25 kwa siku. Mara mbili kwa mwezi anakwenda Urambo kwa mambo ya tumbaku, na mara moja anafika Nzega kwa wakwe. Hii inaleta kama kilometa 650 za mjini na 600 za safari kila mwezi. Nimeanza na hizo kilometa kwa makusudi. Mtu asiyejua anatembeaje hawezi kujua gari gani linakula mafuta, kwa sababu gari lile lile linaweza kuwa mlafi mjini na likawa na adabu likishika lami ndefu.

Nguvu tunaitaka ya nini?

Wazee watakuambia gari lenye nguvu ni la kwenda kujiua. Nawaheshimu, lakini mwenye kupita Nzega, Igunga na kupanda Sekenke kuelekea Singida anajua tunachozungumzia. Ile ndiyo njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Unakaa nyuma ya lori lenye tela linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, halafu unapata kipande kifupi cha barabara iliyonyooka. Hapo ndipo injini inapokuwa na maana.

Ukiwa kwenye 90 na anayekuja naye yuko kwenye 90, mnasogeleana mita 50 kila sekunde. Gari likikupunguzia sekunde 4 za kukaa upande usio wako, limekuachia mita 200 za barabara tupu mbele yako. Nguvu hiyo mimi nailipia bila kinyongo. Ile ya kufika 180 ni kelele tu, na kwenye makazi ambako mwisho ni 50, trafiki mwenye tochi hatakuuliza injini yako ina nguvu za farasi wangapi.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: Tabora tuko mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Gari ulilolijaribu Dar likakufurahisha, ukilifikisha huku utaona limepungua kidogo. Halina ugonjwa. Walio Kigoma mjini, kando ya ziwa kwenye mita kama 770, wanapoteza kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Injini ya turbo inajisukumia hewa yenyewe, ndiyo maana Legacy ya GT, ile yenye turbo, ikifika huku bado ni ile ile.

Altezza: mapenzi yangu ya zamani

Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita za mstari, cc 1,988, farasi 160. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, na yenye gia za mkono inatoa farasi 210, lakini inazitoa juu kabisa, mshale wa mizunguko ya injini ukikaribia 7,600 kwa dakika. Ukiiendesha kwa upole haikupi kitu.

Yangu ilikuwa AS200 ya gia za mkono. Katika haya matatu hakuna linaloshika kona kama Altezza. Ni jepesi, usukani unakuambia tairi zinafanya nini, na ukishusha gia kabla ya kona unajisikia dereva. Spea za AS200 zinapatikana hata hapa mjini, kwa sababu injini ile ile ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110, na hizo Tabora tulikuwa nazo nyingi.

Ila hapa pana somo nililolilipia. Nililinunua kwa dalali mmoja, dashibodi ikisoma kilometa 94,000. Bodi inang'aa, siti zimeoshwa. Wiki ya tatu nikiwa nafagia ndani nikaiona pedali ya breki: mpira wake umelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia, na mistari imefutika kabisa kama soli ya ndala iliyochakaa. Mguu haufanyi hivyo kwa kilometa 94,000. Mkanda wa taimingi wa injini ile, unaopanga muda wa valvu kufunguka na kufunga, hubadilishwa kwenye 100,000. Nilidhani nina muda, kumbe ulishapita zamani. Nilimpelekea fundi siku hiyo hiyo, akautoa ukiwa na nyufa kwenye kila jino. Ungekatika njiani Urambo, ningebaki na gari bovu porini.

Altezza ya mwisho ilitoka 2005, kwa hiyo kila utakayoikuta sokoni ni mzee. Unanunua miaka zaidi ya ishirini ya mikono ya watu. Halafu mafuta: yule mwenye kusema "cc 2,000 tu, haili" hajawahi kuimiliki. AS200 ya automatiki ina gia 4 tu na injini ya enzi za kale, na mjini nimeona wenye nayo wakipata kilometa 7 mpaka 8 kwa lita. Hiyo ni sawa na Mark X ya cc 2,500.

Legacy B4: gari la shemeji

Ninaizungumzia yenye chasisi ya BL5, iliyotoka 2003 hadi 2009, ile ambayo vioo vya mlangoni havina fremu. (Ya kabla yake, BE5 ya turbo mbili zinazopokezana, iache. Kuna shimo katikati pale turbo moja inapoachia nyingine, na mabomba yake ya hewa humchosha fundi yeyote.) Ndani ya BL5 kuna ya 2.0i yenye farasi 140, ya 2.0R yenye 190 kwa zile za mwanzo, na GT ya turbo, 260 kwa automatiki na 280 kwa gia za mkono. Zote zinavuta magurudumu manne muda wote.

Niliitoa GT ya shemeji Dar kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi mwezi wa Januari, mvua inamwaga. Niseme ukweli, sijawahi kuendesha gari dogo lililoniweka salama vile. Kipande cha mchepuko kilikuwa tope jekundu, basi mbele yangu likiserereka, Legacy ikapita imetulia kana kwamba iko kwenye lami. Ukiikanyaga kupita lori, kabla hujamaliza kufikiri umeshapita.

Sasa gharama. GT mjini inakula. Shemeji anapata kilometa 6 na nusu kwa lita, safari 10 akiwa na subira. Inataka petroli ya daraja la juu, na turbo inataka oili nzuri ibadilishwe kwa wakati, bila kusogeza mbele hata wiki mbili. Injini imelala pembeni, silinda zimelaliana kulia na kushoto, kwa hiyo kubadilisha plagi tu ni kazi ya kuingiza mkono kando ya chasisi. Mafundi wanaoijua vizuri hapa Tabora ni wa kuhesabu. Shemeji spea nyingi anaagiza Dar, zinakuja na basi, na kuna wakati gari limekaa gereji siku tisa likisubiri koili moja.

Kuna kitu kidogo wengi hawakijui kuhusu gari la kuvuta manne: tairi zote nne lazima zilingane, kwa saizi na kwa kulika. Ukipasuka moja ukafunga mpya na tatu za zamani, zinazunguka tofauti na mfumo wa kugawa nguvu unasuguana bila kupumzika. Mwenye Mark X ananunua mbili. Mwenye Legacy anajikuta ananunua nne.

Ya 2.0i ndiyo yenye nafuu ya mafuta, kama 8 na nusu mjini na 12 safari. Lakini farasi 140 katika gari zito la kuvuta manne, juu ya mita 1,200, si gari la mwendo. Utakuwa umechukua matatizo ya Subaru bila raha yake.

Mark X: hapa nitakaa kidogo

Mark X ilichukua nafasi ya Mark II Novemba 2004, na uzalishaji ukakoma Desemba 2019. Vizazi ni viwili, na tofauti yao kwa mtu wa huku ni kubwa kuliko sura.

Cha kwanza, GRX120, kina injini ya 4GR-FSE: V6 ya cc 2,499, farasi 215, gia 6 za automatiki, nguvu inakwenda nyuma. Cha pili, GRX130, kilianza Oktoba 2009. Injini ina jina lile lile lakini farasi 203. Vijana wanaona 215 na 203, wanachagua 215. Wasichokiona ni kwamba cha kwanza kilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni (kipimo cha petroli kutogonga ndani ya injini) 96 kwenda juu, na cha pili Toyota wakakipangilia upya kitumie petroli ya kawaida ya kwao, inayoanzia 89. Injini iliyopangwa kwa petroli ya juu ukiipa ya chini, kompyuta inarudisha nyuma muda wa plagi kuwaka ili isigonge. Unapoteza nguvu na mafuta kwa pamoja. Kwa hiyo kwa mafuta ya sheli zetu, hasa za wilayani, farasi 203 wanaweza wakawa ndio wanaofika kazini.

Ugonjwa wa injini hii unajulikana. Petroli inanyunyiziwa ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha. Mvuke wa oili unaganda hapo taratibu, masizi yanakuwa magumu kama ukoko wa sufuria. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa limesimama kwenye taa, hasa asubuhi, na mafuta kuongezeka bila sababu. Dawa ni kufungua na kusafisha valvu, kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua. Gari la mizunguko mifupi ya mjini linaugua mapema kuliko la safari. Na tafadhali, petroli ya kwenye chupa vijijini, ile ya bodaboda, usiiweke kwenye gari hili hata ukiwa umebanwa. Pampu yake ya presha kubwa haitaki uchafu wala maji.

Uzuri wake ni huu. Injini ina cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo ile hofu niliyoipata kwenye Altezza haipo. Likishaingia gia ya sita kwenye kilometa 90 linatulia, mshale uko chini, na hapo ndipo linapofuta dhambi zake za mjini. Nimelipima kwa njia pekee ninayoiamini: jaza tenki mpaka pampu ikate, rudisha trip sifuri, tembea, rudi sheli ile ile na pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate, gawanya. Tabora kwenda Nzega na kurudi, kilometa kama 230, lilikula lita 20. Mjini kwa wiki nzima nikapata 7 na nusu kwa lita.

Kasoro yake huku ni mchanga. Mitaa ya pembeni mchanga wetu ni laini, na gari la kuvuta nyuma likikwama ukakanyaga, linajichimbia. Msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, kuna njia za mtaani kwangu nisizopita nalo. Chagua lenye rimu za 16, tairi 215/60. Zile za 18 zenye tairi nyembamba ni nzuri kwa picha, matuta yetu yatazikunja.

Tuweke hesabu mezani

Kwa kilometa za mpwa, na tuchukue lita moja ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi angalia tangazo la EWURA, wanaopanga bei kikomo za mafuta, la Jumatano ya kwanza ya mwezi, na uangalie ya wilaya yako, usitazame ya Dar). Mark X itataka lita 139 kwa mwezi. Altezza AS200 lita 144. Legacy GT lita 160. Nimeweka na Toyota Allion ya 1.8 pembeni kama kipimo, maana ndilo gari ambalo mtu mwenye busara kuliko sisi angenunua: lita 99.

Kwa hiyo kupenda mwendo kunamgharimu lita 40 kwa mwezi akichukua Mark X badala ya Allion. Ni shilingi 120,000, na kwa mwaka 1,440,000. Akichukua GT anaongeza tena 63,000 kila mwezi. Nilimtajia namba hizi na akanyamaza kidogo. Nilifurahi alivyonyamaza. Mtu anayejua bei ya raha yake hawezi kuja kuilaumu.

Tukumbuke pia kwamba tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita. Gari linalokunywa zaidi linalipa zaidi, tone kwa tone.

Anayetaka kuagiza mwenyewe Japani ajue kodi inamkalia vipi. Injini ya zaidi ya cc 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, ya cc 1,001 hadi 2,000 asilimia 5. Juu ya hapo kuna uchakavu: gari la zaidi ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, lililopita miaka 10 asilimia 30. Ingiza aina ya gari, modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, mtandaoni kabla hujatuma hata senti. Kwa Altezza na BL5 kuagiza ni kutupa hela, umri wake wote umeshavuka. Nunua lililopo nchini. Mark X za miaka ya mwisho ndizo za kufikiria kuagiza, na hizo milioni 16 hazifiki.

Nimemwambia nini

Achukue GRX130 ya 2.5, rimu 16, hata kama rangi haipendi. Akikuta fedha yake inafika kwenye GRX120 tu, asubiri miezi michache aongeze. Akiona kilometa za Urambo zimepungua na amebaki wa mjini tu, aje tuzungumze Allion bila aibu. Injini ya V6 inayoishi kati ya Ipuli na sokoni haimfai yeye wala yenyewe.

Legacy GT ningempa mtu mwingine kabisa: mwenye kazi Sikonge au vijiji vya Uyui mvua ikinyesha, mwenye fundi wake wa Subaru anayemfahamu kwa jina, na mwenye uwezo wa kukaa wiki bila gari. Kwake hakuna linalolingana nalo. Altezza ni ya mwenye gari jingine nyumbani. Nikipata nafasi nitanunua tena ya gia za mkono, iwe ya Jumapili.

Jumamosi anakwenda Nzega kutazama Mark X moja ya 2012. Nimemtumia ya kukagua kwa ujumbe wa sauti. Afike saa moja asubuhi bila kumtaarifu muuzaji muda kamili, aweke kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kwisha. Kama ni la moto, limeshawashwa kuficha kutetemeka kwa asubuhi, na arudi siku nyingine. Kama ni la baridi, aliwashe mwenyewe, asikanyage mafuta, asikilize dakika mbili. Avute mkanda wa siti mpaka mwisho asome lebo ya tarehe chini kabisa, ilingane na mwaka kwenye kadi. Kisha ainame atazame mpira wa pedali ya breki.